Namba Moja Ukweni

SHAMSIA: Haloo? Nani huyo?

TWALIBU: Haloo! Shamsia! Asalaam alei—

SHAMSIA: Sauti inakwenda na kurudi. Nani mwenzangu?

TWALIBU: Mimi! Twalibu! Binamu yako!

SHAMSIA: Twalibu yupi?

TWALIBU: Acha zako bwana. Kwani una akina Twalibu wangapi?

SHAMSIA: Nilikuwa na mmoja, mtoto wa shangazi yangu, fundi kompyuta mwenye kibanda Mji Mpya. Lakini yule alisema mbele ya watu, siku ya Idi, na pande la nyama mdomoni, kwamba hatampigia mwanamke simu kuuliza mambo ya mtandao mpaka afe. Ndiyo maana naogopa. Unapiga kutoka wapi, kaburini?

TWALIBU: Hata salamu hujaitikia.

SHAMSIA: Waaleikumu salaam, marehemu. Habari za huko?

TWALIBU: Nzuri. Sikiliza, sina muda—

SHAMSIA: Sema taratibu. Niko saluni, Josephina ananisuka, nusu ya kichwa iko tayari na nusu imesimama kama nimeona simba. Uko wapi?

TWALIBU: Kinole.

SHAMSIA: Mlimani? Unafanya nini Kinole siku ya kazi?

TWALIBU: Nimekuja kikazi. Kuna mzee mmoja, Mzee Hatibu, mwenye mikarafuu. Ana ruta ya intaneti nyumbani kwake, na mtandao unamsumbua.

SHAMSIA: Hatibu. Si ndiye mjomba wake Mwanvita?

TWALIBU: Mwanvita yupi?

SHAMSIA: Aa, leo majina yametupotea wote! Mwanvita ambaye barua ya posa yake mama yako aliifunga kwenye kitambaa kipya, akatuonyesha ukoo mzima kabla haijapanda mlima. Huyo.

TWALIBU: Ndiyo huyo. Lakini suala la leo ni la kiufundi.

SHAMSIA: Josephina, sikia, yuko ukweni! ... Josephina anauliza umekwenda na nini mkononi.

TWALIBU: Laptop.

SHAMSIA: Wenzake wanapeleka sukari, yeye kapeleka laptop.

TWALIBU: Na sukari nimepeleka! Mwambie Josephina asuke nywele, ukwe wangu haumhusu. Shamsia, hili ni jambo zito. Mwanvita ana usaili leo saa tisa. Ni wa mtandaoni, wa video.

SHAMSIA: Usaili wa nini?

TWALIBU: Kazi. Afisa nyuki. Si amesomea mambo ya nyuki? Kuna shirika linatafuta mtu. Simu yake kamera imekufa, kioo kimepasuka. Sasa mjomba wake akasema hivi: posa hatuijibu kwanza, usaili upite. Akaniambia, wewe si ndiye fundi? Njoo na mashine yako, uhakikishe mpwa wangu anaonekana na anasikika. Hilo likipita vizuri, tutakaa tuzungumze.

SHAMSIA: Na sasa haonekani.

TWALIBU: Haonekani wala hasikiki. Laptop inaonyesha imeshika waifai, lakini intaneti hakuna. Na si laptop peke yake, hata simu za watu wa humu ndani zimekufa. Nyumba nzima hakuna anayepata kitu.

SHAMSIA: Simu yako je? Si umrushie hotspoti?

TWALIBU: Laini yangu huku ni ya kuongea tu. Data haipandi kilima. Hata hapa nimejibanza nyuma ya jiko, nikisogea hatua moja unanipotea.

SHAMSIA: Haya. Umeshafanya nini mpaka sasa, mtaalamu?

TWALIBU: Nimezima ruta, nikaiwasha.

SHAMSIA: Laptop ilikuwa imewaka wakati huo?

TWALIBU: Sasa ningejuaje kama mtandao umerudi? Ilikuwa imewaka. Halafu nikaihamisha ruta. Kwanza dirishani. Haikusaidia. Nikaitoa uani. Haikusaidia. Ina betri yake, kwa hiyo nikaipandisha... juu.

SHAMSIA: Juu ya nini?

TWALIBU: Ya ngazi.

SHAMSIA: Ngazi ipi?

TWALIBU: Ya kuchumia karafuu.

SHAMSIA: Umeifunga ruta kwenye ngazi ya karafuu?

TWALIBU: Haikufungika vizuri. Inashikwa.

SHAMSIA: Inashikwa na nani?

TWALIBU: Na mtu.

SHAMSIA: Twalibu. Nani yuko juu ya ngazi na ruta?

TWALIBU: Mjomba.

SHAMSIA: Mjomba nani?

TWALIBU: Mjomba Hatibu. Lakini alijitolea mwenyewe! Nilisema tu kwamba kitaalamu inatakiwa ielekee mnara. Akasema yeye anapanda mikarafuu tangu utoto, akavua kofia yake, akapanda.

SHAMSIA: [anacheka] Subiri. Ngoja. Josephina, acha kwanza, utaning'oa nywele... Yaani mzee wa watu, ambaye ndiye wa kukupa au kukunyima mke, yuko juu ya ngazi saa hizi, ameinua ruta?

TWALIBU: Kwa mikono miwili.

SHAMSIA: Na anasemaje?

TWALIBU: Kila mara anauliza, "Mwanangu, nigeukie wapi?"

SHAMSIA: Na wewe unamjibu nini?

TWALIBU: Namwambia, kulia kidogo.

SHAMSIA: Kulia kidogo! [anacheka] Josephina amekaa chini. Amekaa sakafuni kabisa, kitana kiko huko.

TWALIBU: Chekeni. Chekeni sana. Binti wa watu atakosa kazi, nyinyi mnacheka.

SHAMSIA: Haya, nimenyamaza. Nimenyamaza. Niambie kitu kimoja. Kabla ya haya yote, mtandao wa pale ulikuwaje?

TWALIBU: Wanasema ulikuwa mzuri. Mwanvita alikuwa anaongea na dada yake kwa video bila shida.

SHAMSIA: Tatizo likaanza lini?

TWALIBU: Jana jioni.

SHAMSIA: Wewe ulifika lini?

TWALIBU: Jana.

SHAMSIA: Jana muda gani?

TWALIBU: Jioni.

SHAMSIA: Ehe.

TWALIBU: Ehe nini? Ilisadifu! Jana jioni ukungu ulishuka mpaka mlangoni. Tena mnara wenyewe uko ng'ambo ya kilima. Tena kuna sababu nyingine, nimeshaigundua. Kuna jirani alikuwa anaunyonya huu mtandao.

SHAMSIA: Jirani gani?

TWALIBU: Mwalimu mmoja, Stefano. Mjomba alimpa neno la siri zamani, kwa hisani, awe anatuma mambo yake ya shule. Nikamwambia mjomba, huyo ndiye anayewamaliza. Neno la siri tukalibadilisha jana hiyo hiyo.

SHAMSIA: Na baada ya kulibadilisha mtandao ukarudi?

TWALIBU: Haukurudi, lakini—

SHAMSIA: Kwa hiyo si yeye.

TWALIBU: Anaweza kuwa ametumia njia nyingine.

SHAMSIA: Mwalimu wa shule ya msingi Kinole ametumia njia nyingine. Twalibu, huyo mwalimu ameambiwa?

TWALIBU: Mjomba alimwambia asubuhi. Palepale njiani, watu wakipita na mikungu yao ya ndizi. Kwamba asikanyage tena uani kwake.

SHAMSIA: Kwa ajili ya maneno yako.

TWALIBU: Kwa ajili ya uchunguzi wangu.

SHAMSIA: Sasa nikuchunguze mimi. Hiyo laptop bado ina ile namba?

TWALIBU: Namba gani?

SHAMSIA: Usinijibu kama mtoto aliyekutwa na unga wa sukari mdomoni. Ile anwani ya IP, namba ya utambulisho wa laptop, uliyoigandisha kibandani kwako, ili kompyuta ya kaunta isiipoteze laptop yako yenye printa kila mkitaka kuchapa.

TWALIBU: Ile ni setingi ya kitaalamu.

SHAMSIA: Kibandani, sawa. Bado ipo?

TWALIBU: Ipo. Mimi sibadilishi namba kila ninakokwenda kama mtu anayekimbia mabalozi wa nyumba kumi.

SHAMSIA: Inaishia na ngapi?

TWALIBU: Namba ni namba tu.

SHAMSIA: Twalibu, inaishia na ngapi?

TWALIBU: Moja.

SHAMSIA: Moja! Zipo namba zaidi ya mia mbili pale, kila mtu angepata yake na nyingine zingebaki. Kwa nini moja?

TWALIBU: Kibanda ni changu. Ulitaka nichukue arobaini na saba?

SHAMSIA: Ya Rabi. Josephina, anasema kibanda ni chake... Sikiliza sasa, na usinikatize hata mara moja. Ruta ya kibandani kwako aliifunga nani?

TWALIBU: Wewe, lakini nilikuelekeza—

SHAMSIA: Nimesema usinikatize. Niliifunga mimi, nikaipa namba ya mwisho kabisa, mia mbili hamsini na nne. Ndiyo maana moja ilikuwa wazi, ukaikalia, ukajiona mfalme. Lakini ruta nyingi za majumbani, zikitoka dukani, zenyewe ndizo moja. Hapo ulipo, ruta ya mzee ndiyo moja. Na hiyo moja ndiyo mlango wa nyumba. Kila simu humo ndani ikitaka kutoka, inaita: moja, uko wapi? Na laptop yako, kwa kuwa haina haya kama mwenyewe, inaitika: niko hapa! Simu zinaipa mizigo yao. Zinasubiri. Laptop yako haina mlango wowote, imekaa tu na mizigo ya watu.

TWALIBU: Endelea.

SHAMSIA: Halafu ukawa unaizima ruta na kuiwasha huku laptop imewaka. Kila ikirudi inakuta mgeni amekaa mahali pake. Umekwenda ukweni, ukakalia kiti cha mwenye nyumba, ukamfanya mwenye nyumba apande ngazi, na jirani yake ukamwita mwizi.

TWALIBU: Mbona kibandani inafanya kazi?

SHAMSIA: Kwa sababu namba ya kugandisha ni ya nyumba moja. Ukiibeba laptop kwenda kwingine, iache iombe namba hukohuko ilikofika. Ipewe wanayompa mgeni. Ndivyo hata binadamu anavyofanya, sijui wewe ulilelewa na nani, na shangazi yangu namjua.

TWALIBU: Nikiiacha iombe, nikirudi kibandani kompyuta ya kaunta itaipoteza.

SHAMSIA: Haitaipoteza. Nitapita nikuandikie humo ndani ya ruta yako: laptop hii ikija, ipeni namba fulani. Basi. Ukiondoka hakuna atakayeikalia, ukirudi unaikuta. Lakini namba inatunzwa na nyumba, huzunguki nayo mgongoni.

TWALIBU: [kimya]

SHAMSIA: Haloo? Umepotea?

TWALIBU: Nipo.

SHAMSIA: Mbona huendi kuibadilisha? Saa tisa imekaribia.

TWALIBU: Nakwenda.

SHAMSIA: Sisikii miguu.

TWALIBU: Shamsia, hiyo kazi iko Mpanda.

SHAMSIA: Iko wapi?

TWALIBU: Mpanda, mwisho wa reli! Akichaguliwa anaripoti mwezi ujao. Hawakumwambia mapema, wameliandika juzi kwenye barua ya kumwita. Mpanda, Shamsia. Mtu anatoka hapa na kanga zake anakwenda Mpanda kuchunga nyuki.

SHAMSIA: Twalibu, niambie kweli. Ilipoanza jana jioni, kompyuta haikukuonyesha kitu?

TWALIBU: Kitu gani?

SHAMSIA: Ujumbe. Kwamba kuna kifaa kingine kina namba kama yako.

TWALIBU: Kuna kitu kilitokea pembeni. Na alama ya njano.

SHAMSIA: Ukakisoma?

TWALIBU: Nilikisoma.

SHAMSIA: Ukafanya nini?

TWALIBU: Nikakifunga.

SHAMSIA: Josephina, hebu subiri nje kidogo... Hapana, nenda tu kanywe chai. Twalibu. Ulijua tangu jana kwamba ni laptop yako.

TWALIBU: Sikujua! Nilijua kwamba inaihusu. Sikujua ni nini hasa.

SHAMSIA: Na hukutaka kujua.

TWALIBU: Wewe ungetaka? Nimeleta barua, nimesubiri, nimepanda bodaboda mpaka mgongo umekufa ganzi. Halafu naambiwa nimfungulie mlango mwenyewe, aondoke! Nikasema, kama mtandao umekataa, labda Mungu naye hapendi.

SHAMSIA: Usimtie Mungu kwenye setingi zako. Mungu hakuandika moja pale.

TWALIBU: Sawa.

SHAMSIA: Mwalimu wa watu ameitwa mnyonyaji barabarani, mzee ana ruta kichwani, na yule binti anajiona ana mkosi. Kumbe kuna mtu mmoja tu, mwanamume mzima, anaogopa stesheni ya treni.

TWALIBU: Basi, Shamsia. Nimekupigia, sijakupigia?

SHAMSIA: Na kwa nini umenipigia? Ungenyamaza saa moja tu zaidi, usaili ungepita.

TWALIBU: Nilimpitia dirishani sasa hivi. Amevaa gauni lake la Idi. Amejitanda mtandio, amepaka wanja, amekaa mbele ya laptop. Kioo kimeganda. Anasema nacho. "Habari za mchana, naitwa Mwanvita, mnanisikia?" Halafu anangoja. Halafu anarudia, kwa sauti ya adabu zaidi, kana kwamba yeye ndiye aliyekosea. Ndiyo maana nimepiga.

SHAMSIA: Ingia ndani.

TWALIBU: Nikiingia tutakatika.

SHAMSIA: Sogea na ukuta, polepole, nitakushika. Ingia.

TWALIBU: Naingia... Haloo?

SHAMSIA: Nipo.

TWALIBU: [kwa Mwanvita] Samahani kidogo, nipishe hapo. Hapana, usitoke, kaa tu. Namalizia. [kwenye simu] Haya. Nimefungua.

SHAMSIA: Nenda kwenye setingi za mtandao. Waifai. Bonyeza huo wa mzee. Shuka chini mpaka uone namba yako.

TWALIBU: Naiona.

SHAMSIA: Iage. Pale pembeni pa kuhariri, umeweka kwamba unaandika mwenyewe kwa mkono. Badilisha, weka ipate yenyewe, otomatiki.

TWALIBU: Inaniuliza kama nina uha—

SHAMSIA: Una uhakika. Hifadhi. Na setingi ya DNS iliyo chini yake nayo weka otomatiki, usije ukaniachia kazi nusu.

TWALIBU: Nimehifadhi zote. Inazunguka. Inazunguka... Inazunguka tu, Shamsia.

SHAMSIA: Iache iombe. Hujazoea kuiona inaomba.

TWALIBU: Imepewa! Imepewa namba! [kwa Mwanvita] Jaribu. Bonyeza ile linki yao. Eeh, hiyo. [kwenye simu] Inafunguka, Shamsia. Inafunguka!

SHAMSIA: Imepewa ngapi?

TWALIBU: Haina maana imepewa ngapi.

SHAMSIA: Imepewa ngapi, binamu?

TWALIBU: Mia moja na nne.

SHAMSIA: Sema, mimi ni wa mia moja na nne.

TWALIBU: Sisemi.

SHAMSIA: Na nyumba haikuanguka?

TWALIBU: Haikuanguka. Simu zote zinalia, meseji za tangu jana zinaingia kama mvua ya mawe. Ngoja nitoke nje, wamemkaribisha. Wanamwona! Wanasema wanamsikia vizuri.

SHAMSIA: Toka polepole. Funga mlango.

TWALIBU: Nimetoka. Haloo? Ngoja... Mjomba anapiga kelele.

SHAMSIA: Ameanguka?

TWALIBU: Hapana. Anasema, "Imeshika! Msiniguse! Imeshika!"

SHAMSIA: Nini?

TWALIBU: Anadhani ni yeye. Alikuwa amegeukia upande wa msikitini wakati simu yake ilipolia mfukoni. Anasema hatashuka mpaka mpwa wake amalize.

SHAMSIA: [anacheka] Usaili ni wa muda gani?

TWALIBU: Saa nzima. Mzee naye yuko juu bado, Shamsia. Anacheka kama kijana. Anawaambia watu wa njiani kwamba ameukamata mtandao kwa mikono yake.

SHAMSIA: Basi umepata bahati. Kaa kimya. Mzee atajisifu mpaka siku ya harusi, wewe utaitwa fundi, na Stefano atabaki mwizi.

TWALIBU: Unanipima.

SHAMSIA: Nakuhesabia unavyovipata bure. Mke, sifa, na mzee juu ya ngazi.

TWALIBU: Usikate.

SHAMSIA: Sikati.

TWALIBU: [kwa mbali] Mjomba! Shikamoo, mjomba. Najua nimekuamkia asubuhi. Shuka, tafadhali. Hapana, mtandao hautakatika. Si mikono yako, mjomba. Ilikuwa laptop yangu. Niliipa namba ya ruta yako, ikawa inawazuia nyote. Tangu jana, ndiyo. Ilikuwa mimi. Wala si ukungu. Na mwalimu Stefano hajachukua kitu. Hapana, mjomba, hata kidogo. Nilimsingizia... Ndiyo, mjomba. Nimeishika.

SHAMSIA: Haloo? Anasemaje?

TWALIBU: Alinitazama kutoka juu, muda mrefu. Halafu akasema, "Shika ngazi nishuke." Basi.

SHAMSIA: Ameshuka?

TWALIBU: Ameshuka. Amenipa ruta mkononi bila kunitazama. Anavaa kofia yake... anakwenda kwa Stefano.

SHAMSIA: Mfuate! Aende yeye kukuombea radhi?

TWALIBU: Nimemwambia naenda mimi. Amesema, "Yale maneno yalitoka kinywani kwangu, nitayafuata mimi. Ya kwako utayapeleka mwenyewe, usipande mgongoni kwangu."

SHAMSIA: Mzee huyo nimempenda. Na posa?

TWALIBU: Hajaitaja hata kidogo.

SHAMSIA: Asante Mungu, angeitaja sasa hivi ungelia. Yule binti anaendeleaje?

TWALIBU: Niko chini ya dirisha lake. Shamsia, anaongea! Anawaeleza jinsi ya kurina asali bila kuchoma mzinga. Kuna mwanaume mmoja alimkatiza, naye kamwambia, "Naomba nimalizie kwanza." Kwa upole tu. Yule bwana kanyamaza.

SHAMSIA: Kumbe ndiye huyo ulitaka kumzimia mtandao.

TWALIBU: Sijawahi kumsikia akiongea hivi. Anaongea kama mtu aliyekwisha kuondoka.

SHAMSIA: Josephina, njoo umalizie... Wanamuuliza nini sasa?

TWALIBU: Ngoja. Shh. Wanamuuliza kama yuko tayari kuhamia kituo cha kazi.

SHAMSIA: Amejibu?

TWALIBU: Amesema niko tayari. Swali lenyewe lilikuwa halijaisha.

SHAMSIA: Pole.

TWALIBU: Ameinua uso, ameniona hapa na ruta mkononi. Amecheka kidogo, akarudi kwenye kioo.

SHAMSIA: Alikucheka au alikuchekea?

TWALIBU: Sijui. Zote mbili, nadhani.

SHAMSIA: Basi hapo ndipo ulipo. Nenda kwa Stefano kabla hakujachwa. Usitumie maneno mengi, mwambie ulikosea. Na ukirudi usianze kumsimulia Mwanvita jinsi ulivyouokoa usaili wake.

TWALIBU: Sisimulii.

SHAMSIA: Ungesimulia.

TWALIBU: Ningesimulia kidogo. Shamsia.

SHAMSIA: Sema, wa mia moja na nne.

TWALIBU: Hivi ile treni ya Mpanda, bado inasimama Morogoro?

SHAMSIA: Nadhani inasimama. Kwa nini?

TWALIBU: Naulizia tu.

SHAMSIA: Unaulizia tu! Josephina, njoo usikie, jamaa eti anaulizia tr— Twalibu? Haloo? Twalibu!

[simu imekatika, salio limekwisha]